Taji, Kisu na Joho

Ndugu mwanafunzi, shika chaki. Chora taji, kisu, na joho lenye matundu. Umekwisha kuchora Julius Caesar, mchezo alioutunga Shakespeare mwaka 1599, na Mwalimu Nyerere akatoa tafsiri yake ya Kiswahili mwaka 1963.

Taji Caesar alilikataa mara tatu. Hata hivyo wakubwa wa Roma waliogopa kwamba atalitwaa. Kisu kilimwua tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo. Suetonius, Mroma, aliandika majeraha 23. Shakespeare aliyafanya 33.

Joho ndilo lenye nguvu. Brutus aliwaeleza watu kwa nini walimwua Caesar, nao wakakubali. Antony akalishika joho, akaonyesha matundu na kuwataja wenye visu, ingawa mauaji hakuyaona! Watu wakalia, wakaenda kuchoma nyumba za wauaji.

Sasa, chini ya joho lako, andika neno moja: KWELI, au UONGO.