Kinga ya Anayeshindwa: Historia ya Mgawanyiko na Maridhiano Awendo

Awendo ni mji wa miwa kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori na mpaka wa Isebania. Wodi zake nne, Sakwa Kaskazini, Sakwa Kusini, Sakwa ya Kati na Sakwa Magharibi, zimebeba jina la watu wa Sakwa, Waluo waliofanya makao hapo. Wakisii ni majirani zao wa upande wa mashariki. Wakuria wako kusini, na makazi yao yanavuka mpaka hadi Tanzania. Wamasai wa Trans Mara nao hawako mbali. Siasa za Kenya zimewapitisha watu wa eneo hili upande wa washindi na upande wa walioshindwa, tena zaidi ya mara moja. Historia yao inafundisha kwamba maridhiano ya kweli ni kanuni ambayo mshindi anakubali imfunge leo, kwa kuwa kesho yeye mwenyewe huenda akaihitaji.

Uzio wa mikuki

Kabla ya vyama na kura, ugomvi wa mifugo na malisho kati ya jamii jirani ulimalizwa na wazee. Wakuria walikuwa na iritongo, baraza la jamii, na inchama, baraza la siri la wazee. Waluo walikuwa na jodongo, wazee ambao neno lao lilisikizwa hata na vijana wenye silaha.

Masimulizi kuhusu mapatano ya zamani kati ya Waluo na Wamasai yanaeleza jinsi amani ilivyofungwa. Pande mbili zilikutana mpakani na kujenga uzio wa matawi. Wapiganaji waliweka mikuki yao juu ya uzio huo. Mbwa alikatwa vipande viwili, damu ikamwagika kwenye mstari wa mpaka. Kisha kina mama wanaonyonyesha wa pande zote mbili walibadilishana watoto juu ya uzio, kila mmoja akampa ziwa mtoto wa adui. Wazee walimaliza kwa dua na kumlaani yeyote atakayevuka mpaka kwa vita.

Tambiko hilo lilizibana pande mbili kwa kipimo kimoja. Aliyekuwa na mikuki mingi aliiweka chini sawa na aliyekuwa na michache, na kila upande ulikuwa umemkabidhi mwenzake mtoto.

Majimbo yaliyokataliwa

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Nyanza Kusini ilimchagua Lawrence Oguda. Alikuwa mmoja wa wanane, pamoja na Oginga Odinga, Tom Mboya, Masinde Muliro, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Hao wote walisimama pamoja kukataa nyadhifa za uwaziri hadi Waafrika waongezewe viti.

Umoja huo ulivunjika mwaka 1960. KANU iliundwa mwezi Mei, ikiegemea hasa jamii kubwa za Wakikuyu na Waluo. KADU ikaundwa mwezi Juni na viongozi wa jamii ndogo waliohofia kumezwa, wakiwemo Ngala, Muliro na Moi. Katika mikutano ya Lancaster House jijini London, KADU ilidai serikali za majimbo. KANU haikuzipenda, lakini ilikubali ili uhuru usicheleweshwe. Katiba ya 1963 ikawa na majimbo na Seneti ya wajumbe 41, kila wilaya ikiwa na mmoja.

Nyanza Kusini ilikuwa upande wa KANU, yaani upande wa washindi, na kwa washindi kinga za wachache zilionekana kuwa kikwazo cha kujenga taifa. KADU ilijivunja Novemba 1964. Majimbo yakafutwa, na mwishoni mwa 1966 Seneti nayo ikafutwa.

Wakati kinga hizo zinabomolewa, zamu ya kuzihitaji ilikuwa imeshafika. Machi 1966, katika mkutano wa KANU mjini Limuru, wadhifa wa makamu wa rais wa chama ulifutwa na nafasi nane zikaundwa mahali pake. Odinga, aliyeshika wadhifa huo, akawa ameondolewa. Mwezi uliofuata alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kuongoza chama kipya cha KPU. Mpasuko huo uliingia hadi ndani ya Nyanza yenyewe, kwa sababu katibu mkuu wa KANU aliyepambana na KPU alikuwa Mboya. Nyumbani kwao ni kisiwa cha Rusinga, Nyanza Kusini, na ndiye aliyekuwa amepanga safari za mamia ya vijana kwenda kusoma Marekani kuanzia 1959.

Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa Rusinga. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo, Rais Jomo Kenyatta alipofungua hospitali mjini Kisumu, walinzi walifyatulia umati risasi. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku. Waluo walikuwa wameshindwa, na hapakuwa na serikali ya jimbo, Seneti wala chama cha kukimbilia. Vyote hivyo vilikuwa vimeondolewa kisheria, vingine kwa kura za wabunge wao.

Kiwanda na bei ya kushindwa

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini, SONY, ilijenga kiwanda chake Awendo. Kilikuwa mali ya umma. Ardhi ya shamba kuu la kampuni ilitwaliwa kutoka kwa wenyeji, na madai ya fidia yaliendelea kuwa hoja ya kampeni kwa miongo mingi.

Kiwanda kiliiweka serikali katikati ya maisha ya mkulima. Muwa huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kukomaa. Ukishakatwa hauvumilii kusubiri: kila siku ukilala shambani unapoteza uzito na sukari, na mkulima hulipwa kwa tani zinazosomwa kwenye mizani ya kiwanda. Trekta likichelewa, hasara ni yake. Mwenye kiwanda alikuwa serikali, na wakurugenzi wake waliteuliwa kutoka Nairobi.

Hapa ndipo chanzo cha mgawanyiko wa kisiasa kinapoonekana kwa macho. Pale ambapo malipo ya miwa, barabara ya kuibeba na ajira za vijana vyote hutegemea nani yuko Ikulu, uchaguzi hauwezi kuwa mashindano ya kawaida ya sera. Kushindwa kunakuwa na bei isiyolipika, na mtu anayeogopa bei hiyo hufuata kabila lake kwa sababu haoni kinga nyingine.

Kutoka FORD hadi nusu mkate

Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, na kifungu hicho kikafutwa Desemba 1991. FORD, vuguvugu lililowakutanisha Odinga, Muliro, Martin Shikuku na wengine, lilionekana kuwa na nguvu ya kuishinda KANU. Kufikia Agosti 1992 lilikuwa limegawanyika kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili kwa sababu viongozi walishindwa kukubaliana nani awe mgombea urais. Rais Moi akachaguliwa tena kwa takriban asilimia 36 ya kura. Vita vya panzi vilikuwa furaha ya kunguru.

Mwaka 2002 wapinzani walijifunza kuungana. Muungano wa NARC ulimpa Mwai Kibaki ushindi, Raila Odinga akiwa mpigadebe wake mkuu. Lakini mkataba wao wa kugawana madaraka ulikuwa karatasi ya makubaliano isiyo na nguvu ya sheria, na kambi ya Raila ililalamika kwamba haukutekelezwa. Mgawanyiko ulijitokeza katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba, ambapo upande wa Chungwa wa Raila uliushinda upande wa Ndizi wa Kibaki. Ukarudi kwa umwagaji damu baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao.

Tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Harambee House jijini Nairobi, Kibaki na Raila walitia saini mkataba uliosimamiwa na Kofi Annan akisaidiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa. Raila akawa waziri mkuu katika serikali ya mawaziri 40, ambayo wananchi waliiita serikali ya nusu mkate. Dalmas Otieno, mbunge wa Rongo, eneo ambalo wakati huo lilijumuisha Awendo, akawa waziri wa utumishi wa umma.

Nusu mkate ulikuwa wa gharama kubwa na wenye magomvi mengi. Hata hivyo ulitofautiana na makubaliano ya 2002 katika jambo kuu: uliandikwa katika sheria na kuingizwa kwenye katiba, na ulifungua njia ya kubadilisha kanuni zenyewe. Katiba mpya ilipitishwa katika kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti 2010. Ilileta kaunti 47, ikairudisha Seneti, na kumtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Nyanza, ambayo mwaka 1963 ilikuwa upande uliopinga majimbo, iliunga mkono ugatuzi kwa wingi mkubwa. Miaka 47 ilikuwa imewafundisha watu wake thamani ya kinga ya anayeshindwa.

Fundisho la Marekani

Seneti ya Kenya, ambamo Lamu na Nairobi kila moja huchagua seneta mmoja, inafanana na mapatano yaliyofikiwa Philadelphia mwaka 1787. Majimbo madogo ya Marekani yalihofia makubwa. Ikakubaliwa kwamba bunge moja lifuate idadi ya watu, na Seneti iwe na wajumbe wawili kwa kila jimbo bila kujali ukubwa.

Mkutano uleule ulikubaliana pia kumhesabu mtumwa kama sehemu tatu kwa tano za mtu katika kugawa viti. Walioumizwa na mapatano hayo hawakuwa mezani. Mapatano mengine ya 1820 na 1850 yaliuahirisha mgogoro wa utumwa bila kuumaliza, na vita vya 1861 hadi 1865 vikaua zaidi ya watu 600,000. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 ilipita kwa kura za vyama vyote viwili. Tangu hapo vyama hivyo vimezidi kuachana, na tarehe 6 Januari 2021 umati ulivamia Bunge ili kuzuia kuidhinishwa kwa matokeo ya uchaguzi. Marekani inatoa mafunzo mawili: mapatano hulinda nchi, na mapatano yanayomwacha nje mwenye kuumia huahirisha tu maumivu.

Mtihani wa Migori

Katika kaunti ya Migori mizani imegeuka. Waluo, wachache katika siasa za taifa, ndio wengi, nao Wakuria ndio wachache. Tangu 2013 kumekuwa na mapatano yasiyoandikwa kwamba gavana Mluo awe na mgombea mwenza Mkuria. Nelson Mahanga Mwita alikuwa naibu wa Okoth Obado kwa vipindi viwili, na mwaka 2022 Gimunta Mahiri akawa naibu wa Ochillo Ayacko. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaongeza kinga iliyoandikwa: angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii yenye wengi.

Kinga hiyo ya sheria ndiyo imara zaidi, kama yalivyoonyesha maridhiano ya kitaifa ya baadaye. Uchaguzi wa marudio wa urais wa Oktoba 2017 ulisusiwa na upinzani, na upigaji kura haukufanyika katika sehemu kubwa ya Migori, Homa Bay, Kisumu na Siaya. Tarehe 9 Machi 2018 Raila na Rais Uhuru Kenyatta walipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Handisheki hiyo ilituliza nchi, jambo lisilofaa kudharauliwa. Lakini mageuzi ya katiba yaliyotokana nayo, yaliyoitwa BBI, yalibatilishwa na mahakama, kwa kuwa hayakuanzishwa na wananchi kama katiba inavyotaka. Uchaguzi wa 2022 ukafanyika kwa kanuni zilezile. Mwaka 2024 viongozi wa ODM, chama cha Raila, akiwemo John Mbadi wa Homa Bay, waliingia katika baraza la mawaziri la Rais William Ruto, na Machi 2025 UDA, chama cha Ruto, na ODM vikatia saini makubaliano ya hoja kumi.

Mwaka huohuo serikali ilikikodisha kiwanda cha SONY kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Uamuzi juu ya miwa ya Awendo bado ulifanywa Nairobi. Vyeo walivyogawana wakubwa vimekuwa vikidumu hadi ugomvi unaofuata. Vilivyobaki baada ya kila ugomvi ni kaunti, Seneti na zile asilimia 30, kwa sababu viliandikwa wakati ambapo hakuna upande uliokuwa na hakika ya kushinda.