Kupiga Bendi si Lelemama

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioko shuleni hivi sasa,

Katika barua ya kutualika kwenye mkutano wetu wa mwaka huu, kamati imetuomba tuchange fedha za kununulia vyombo vya muziki ili bendi ya shule ifufuke. Wanafunzi ndio walioomba, na ombi lao ni zuri. Nami nitachanga. Lakini kabla sijafungua mfuko naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze kidogo historia ya bendi katika nchi yetu, kwa sababu nachelea kwamba tutanunua vyombo tukadhani tumenunua bendi.

Mimi ni mtumishi wa Serikali, kazi yangu ni majalada na mihtasari ya vikao, si mwanamuziki. Hata hivyo, wale tuliosoma pamoja hapa Nambis miaka ya mwisho ya 1990 watakumbuka kwamba nilipata kuwa mpiga solo wa bendi ya shule. Watakumbuka pia jinsi nilivyovuliwa cheo hicho. Nitalifikia jambo hilo mbele, maana ndilo lililonifunza.

BENDI ZETU ZILIVYOANZA

Bendi za dansi si jambo la juzi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Baadaye zikaja Cuban Marimba ya Morogoro, Kilwa Jazz na Western Jazz za Dar es Salaam, Tabora Jazz, na kule Tanga Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Nyingi ya bendi za mwanzo zilikuwa vyama. Mwanachama alikuwa karani, fundi au kuli mchana, na jioni akashika gita. Vyombo vilikuwa mali ya chama, si mali ya mpigaji.

Mwaka 1964 mambo yalibadilika. Chama cha Wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz Band na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara. Mashirika na majeshi nayo yakafuata njia hiyo: Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, na Umoja wa Vijana wa TANU uliounda Vijana Jazz mwaka 1971. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Tangu hapo mazoezi hayakuwa tena starehe ya baada ya kazi; mazoezi yalikuwa ndiyo kazi yenyewe. Mpiga tumba alikwenda mazoezini kama karani aendavyo ofisini.

Hata mkoa wetu una sehemu yake katika historia hii. Zamani hizo Mbulu ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara haukuzaliwa mpaka mwaka 2002. Mwaka 1970 ndugu Wilson na George Kinyonga waliondoka Jamhuri Jazz ya Tanga, wakapanda mpaka Arusha mjini na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka wakaenda Kenya, na huko bendi yao ikaja kujulikana kwa jina la Simba Wanyika.

Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wa Simba Wanyika walijitenga, wakiwamo Omar Shabani wa gita la kati na Tom Malanga wa gita zito la besi. Walijiunga na John Ngereza, Mtanzania mwenzao, wakaunda Les Wanyika. Hawa hawakuwa wanagenzi. Walikwisha kurekodi na kupiga mbele ya umati. Hata hivyo walikaa yapata miezi 6 wakifanya mazoezi na kutunga, ndipo wakajitokeza kupiga katika klabu ya Garden Square jijini Nairobi. Matunda ya subira hiyo ni wimbo wa Sina Makosa, ambao hata ninyi mliozaliwa juzi mnaufahamu. Mwanafunzi anayetaka kupanda jukwaani baada ya wiki 2 na apime hapo.

UJUZI WENYEWE

Msikilizaji wa kawaida hufikiri mpiga solo ndiye bendi. Si hivyo. Katika bendi za kwetu magita ni 3 au 4, na kila moja lina mahali pake. Gita zito la besi hushika ardhi. Gita la kati, ambalo wengi huliita rizimu, hurudia maneno machache bila kuchoka, kama mtu anayetwanga kinu. Solo ya pili hujibu na kujaza. Solo yenyewe hupita juu ya hayo yote. Juu yake tena kuna tarumbeta na saksafoni, ambazo lazima zipulizwe kwa pumzi moja kama vile mpulizaji ni mmoja, na chini ya yote kuna drams na tumba.

Aghalabu wimbo wa dansi una sehemu 2. Kwanza ni ile ya taratibu, yenye maneno ya waimbaji. Kisha huja sehemu ya kuchemka, ambapo mwendo huongezeka na magita huachiwa uwanja. Kuvuka kutoka sehemu moja hadi nyingine ni mtihani. Watu zaidi ya 10 wanabadili mwendo kwa pamoja, na hakuna anayepiga filimbi kuwaambia sasa. Kila mmoja anajua kwa sababu anawasikiliza wenzake.

Ugumu wa bendi, basi, hauko katika vidole tu. Vidole mtu anaweza kuvifundisha peke yake chumbani. Ugumu uko katika kujua wakati wa kunyamaza, na kukubali kurudia sauti zile zile 4 kwa dakika 7 ili mwenzako asikike. Wazee wetu Wairaqw wanalifahamu jambo hili bila gita. Katika slufay mzee mmoja hunena baraka na watu wote huitikia. Kiitikio kikiwahi, kinakata maneno ya mzee. Kikichelewa, baraka inapooza.

YALIYONIPATA

Sasa nisimulie aibu yangu. Bendi yetu ilikuwa na magita 2 na besi 1, drams zilizofungwa kwa waya, na kipaza sauti kilichotumia jenereta. Mazoezi yalikuwa kila Jumanne na Alhamisi baada ya usafi, katika ile baridi ya Nambis ambayo hufanya vidole viwe kama vijiti. Mimi nilikuwa mwepesi wa kushika nyimbo, nikaona mazoezi ni ya wale wazito. Nilijifunza peke yangu nyuma ya bweni na kuhudhuria nilipojisikia.

Siku ya mahafali, mbele ya mgeni rasmi na wazazi wetu, nilianza wimbo kwa mwendo wa kule nyuma ya bweni. Kijana wa besi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mpole sana, alijaribu kunifuata. Drams zikabaki na mwendo wa mazoezini. Waimbaji wakasimama katikati, hawajui waende na nani. Tulifika ubeti wa pili tukavunjika kabisa. Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi ya huruma, ambayo ni mabaya kuliko kicheko. Baba yangu alikuwa amekuja kwa miguu kuniona. Hakusema neno njia nzima.

Jumanne iliyofuata mwalimu wetu wa bendi alichukua gita, akampa mtoto wa kidato cha pili ambaye hakukosa mazoezi hata siku moja. Mimi nilikabidhiwa manyanga. Nilitaka kuacha, lakini nikaona haya kuacha mara mbili. Kwa muhula mzima nilitikisa manyanga na kusikiliza. Hapo ndipo nilipoisikia bendi kwa mara ya kwanza. Niligundua kwamba yule kijana wa besi alikuwa ndiye anayetushikilia sote, nami nilikuwa nimepiga pembeni yake zaidi ya mwaka bila kumsikia.

KUJITOA

Ikiwa aibu ya shuleni ilikuwa kubwa hivyo, fikirini hali ya waliorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi studio ile ilikuwa ndiyo mlango mkuu wa bendi zetu. Bendi nzima ilipiga na kuimba kwa pamoja, na fundi mitambo akanasa. Hapakuwa na kurekodi solo leo na besi kesho kama ifanyikavyo siku hizi kwa kompyuta. Mmoja akikosea, wote wanarudia tangu mwanzo. Nyimbo tunazozisifu leo kwa usafi wake ni ushahidi wa saa nyingi za mazoezi ambazo hakuna aliyezipigia makofi.

Njia nayo ilidai gharama yake. Mbaraka Mwinshehe alikwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Na Januari 1979 akafa katika ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Kabla yake, mwaka 1965, Salum Abdallah wa Cuban Marimba naye alikufa kwa ajali ya barabarani. Kazi ya bendi ilikuwa ya usiku na ya safari, na familia zilizosubiri nyumbani zilikuwa sehemu ya kujitoa huko.

Nimalizie historia kwa kisa kimoja ambacho kamati yetu inapaswa kukitafakari. Mwaka 1978 kundi la wanamuziki mahiri waliondoka JUWATA Jazz, yaani ile NUTA ya zamani, wakaenda kuanzisha Mlimani Park Orchestra. Miongoni mwao walikuwamo Muhidin Maalim Gurumo na Abel Balthazar, na uongozi wa muziki ukashikwa na Michael Enoch, mtu aliyemudu gita, saksafoni na vyombo vingine kadhaa. Vyombo vilikuwa mali ya JUWATA, vikabaki. Jina nalo likabaki. Walichoondoka nacho ni masikio, vidole na mazoea ya kupiga pamoja, na kwa hayo wakaifanya Sikinde ivume nchi nzima. JUWATA nayo haikufa, kwa sababu ilifunza wengine na kuendelea, hata ikaja kuitwa Msondo Ngoma. Pande zote mbili zilisimama juu ya watu waliofundishwa.

OMBI LANGU

Ndugu wahitimu, vyombo tulivyopigia sisi viliozea stoo. Havikuibwa wala kuvunjwa. Tulimaliza shule, mwalimu akahamishwa, na hakuna aliyekuwa amefundishwa kupokea. Sisi wenyewe hatukurithisha, na lawama ni yetu.

Kwa hiyo naomba mchango wetu ugawanywe. Nusu inunue vyombo vichache vya kawaida: magita, besi, drams na tumba. Tusianze na kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe, maana kitawafundisha vijana kwamba mwenzao hahitajiki. Nusu ya pili imlipie mwalimu mmoja gharama za kwenda kujifunza. Kuna Bagamoyo, ambako sanaa imefundishwa tangu mwaka 1981, na kuna Chuo cha Ualimu Butimba. Na mazoezi yaingizwe katika ratiba ya shule, yasiachiwe hisani ya jioni.

Nanyi wanafunzi, nawaomba jambo moja. Kila atakayeshika gita amfundishe mmoja wa kidato cha chini yake kabla hajaondoka. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bendi huinamiwa kila Jumanne na kila Alhamisi, kwenye baridi, hata siku usiyojisikia.

Siku ya mkutano nitakuja na mchango wangu. Nitakuja pia na manyanga yangu, maana ninayo mpaka leo. Kama bendi itakuwa tayari na mtanihitaji, nitasimama nyuma ya mpiga besi.