Jenerali Aliyechelewa Shiloh

Wengi wetu tunaijua Ben-Hur kwa sinema ya 1959, ile ya mbio za magari ya farasi iliyozoa tuzo 11 za Oscar. Wachache wanajua kuwa ilianza kama riwaya. Na wachache zaidi wanajua kuwa mwandishi wake, Lew Wallace, alikuwa mwanasheria, mwanasiasa na jenerali wa Marekani aliyeishi miaka mingi na lawama moja: kwamba alichelewa vitani.

Alizaliwa Indiana mwaka 1827. Baba yake, David Wallace, alikuja kuwa gavana wa jimbo hilo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Lew aliingia jeshi la Kaskazini, na kufikia Machi 1862 alikuwa meja jenerali. Umri? Miaka 34 tu.

Aprili 6 mwaka huo, jeshi la Kusini liliwavamia askari wa Jenerali Ulysses Grant huko Shiloh, Tennessee. Wallace alikuwa kilomita chache kutoka hapo na askari wapatao 7,000. Grant akatuma amri aje. Amri iliandikwa kwenye karatasi isiyo na saini, na baadaye karatasi yenyewe ikapotea. Wallace akashika njia ya kuelekea ubavu wa kulia wa jeshi, alikojua wenzake wapo. Kumbe wenzake walishasukumwa nyuma kuelekea mtoni. Angeendelea, angetokea mgongoni mwa adui akiwa peke yake. Ikabidi ageuze msafara. Alipofika, jua lilikuwa linazama.

Kawia ufike, walisema wahenga. Lakini vitani nani anakuelewa? Kesho yake Wallace alipigana na Kaskazini wakashinda, ila pande zote mbili zilikuwa na zaidi ya watu 23,000 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea. Watu walitaka wa kumlaumu. Grant akasema jamaa alipita njia siyo. Wallace akajitetea hadi sauti ikamkauka.

Mwaka 1864, pale Monocacy, alishindwa na jeshi kubwa kuliko lake, lakini aliwachelewesha adui siku nzima, na Washington ikapata muda wa kuletewa askari. Bado jina la Shiloh halikumwacha.

Sasa tusimfanye malaika. Akiwa gavana wa New Mexico, mwaka 1879 alimwahidi Billy the Kid msamaha iwapo angetoa ushahidi wa mauaji. Kijana akatoa. Msamaha haukuja. Mtu aliyelilia haki yake miaka yote hiyo alimwacha mwingine akisubiri ya kwake, na mwaka 1881 Billy akapigwa risasi akafa.

Ni katika kipindi hicho cha ugavana alipomaliza Ben-Hur, iliyotoka 1880. Isome upya: kigae cha paa kinadondoka kwa bahati mbaya, kinampiga mkuu wa Kirumi, na kijana asiye na hatia anapoteza kila kitu. Mimi siwezi kuisoma bila kuiona ile karatasi isiyo na saini.

Mwaka 1885 Grant alikuwa anakufa kwa saratani ya koo huku akiandika kumbukumbu zake. Sura ya Shiloh ilishaandikwa, na lawama ilikuwa palepale. Ndipo mjane wa jenerali mwingine aliyeuawa Shiloh akamletea barua ambayo Lew Wallace alimwandikia mumewe siku moja kabla ya vita. Barua ilionyesha kuwa njia ile haikuwa ya kubahatisha, iliandaliwa mapema. Grant hakuiandika sura upya. Aliongeza tanbihi, akikiri kuwa barua hiyo inabadilisha sana aliyoyasema.

Miaka 23, halafu tanbihi. Sisi wa magazetini tunaujua mchezo huu: kosa ukurasa wa kwanza, masahihisho kwenye kona ya ndani. Wallace alifariki mwaka 1905. Hata uzeeni alirudi Shiloh kuipitia tena ile njia kwa miguu yake. Tanbihi haikumtosha, na sioni kwa nini ingemtosha.