Night Shift ya Bob Marley: wimbo wa wale wanaokesha kazini

Watu wengi wakisikia jina la Bob Marley wanafikiria ukombozi wa Afrika. Wimbo huu hauhusu hayo. Unahusu kijana anayefanya kazi ya usiku kiwandani, anaendesha foklifti, kile kimashini chenye meno mawili mbele ya kuinua mizigo.

"Night Shift" maana yake zamu ya usiku. Uko kwenye albamu Rastaman Vibration, iliyotoka mwaka 1976 na kufika namba 8 kwenye chati kubwa ya albamu ya Marekani. Wakati angali hai, hakuna albamu yake nyingine iliyopanda juu kuliko hiyo. Kwenye orodha wimbo huu unatangulia "War", ambao maneno yake yametoka katika hotuba ya Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963. Basi masikio ya watu yanakimbilia "War", na huu wa foklifti unapitwa tu. Ni hasara.

Foklifti yenyewe haikubuniwa. Mama yake Marley, Cedella, alikuwa amehamia Wilmington, katika jimbo la Delaware, Marekani. Marley alimwoa Rita tarehe 10 Februari 1966, na kesho yake akapanda ndege kumfuata mama, atafute pesa za kuendeleza muziki. (Ndiyo maana Haile Selassie alipofika Jamaika, Aprili mwaka uleule, Rita alikuwepo lakini bwana yake hakuwepo.) Alirudi tena Delaware mwaka 1969, na safari hiyo akapata kazi katika kiwanda cha magari cha Chrysler, mji wa Newark. Msingi wa wimbo ulirekodiwa mapema, 1970, chini ya Lee Perry, kwa jina "It's Alright". Miaka sita baadaye aliurudia, akaupa jina la zamu yenyewe.

Sasa sikilizeni unavyoanza. Hauanzi na malalamiko juu ya bosi wala mshahara. Unaanza na Zaburi ya 121, ile inayomwahidi msafiri kwamba jua halitamdhuru mchana wala mwezi usiku. Ni zaburi ambayo watu huiombea safari. Marley ameibeba mpaka ndani ya ghala, akampa mtu anayepakia mizigo saa nane za usiku. Mbele kidogo anagusa pia Mwanzo sura ya 3, habari ya kula mkate kwa jasho. Waimbaji wa kike, I-Threes, Rita akiwa mmoja wao, wanamjibu kama wenzake wa ekipe wanaoitikiana kazini, na mdundo ni wa kuchangamka, si wa kusinzia.

Hapa petu jambo hilo linaeleweka haraka. Kamina imekua juu ya reli: njia ya Bukama hadi Port-Francqui, leo Ilebo, ilifunguliwa 1928, na tawi la kuelekea Kabalo likaungwa 1956. Treni haichagui saa. Ikiingia usiku, lazima kuwe na mtu wa kuipokea, wa kugeuza njia, wa kushika taa. Na si reli peke yake. Kuna muuguzi wa zamu, kuna sentineli mlangoni, kuna mwokaji anayewasha moto wakati jirani anakoroma. Mchana wanalala, watoto wanapiga kelele uani, na mpita njia anawaita wavivu. Nyimbo zinazowataja hawa kwa heshima ni chache, tena zenye baraka ndani yake ni chache zaidi.

Kiwanda cha Newark kilifungwa Desemba 2008. Mwaka uliofuata uwanja wake ulinunuliwa na Chuo Kikuu cha Delaware, na sehemu kubwa ya majengo ikabomolewa.