Mpini Mweusi wa Kisu

Watazamao kisu husifu makali, wakausahau mpini. Katika karne ya 19, watu wa nchi ya Kasese na Bwera walipata zana za chuma kwa kubadilishana na chumvi ya Katwe. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na chuma cha viwandani kikawa chepesi kupatikana. Mpingo haukupata wepesi huo. Mti huu, ambao kiini chake cheusi huzama majini, hukua kwa miongo mingi, na nchini Uganda makao yake ni nyika za kaskazini, si miteremko ya Ruwenzori. Tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Basi walimu tuwafunze vijana kwamba kisu kikiisha hununuliwa kingine. Mpingo ukikatwa, humngoja mjukuu.