Kigogo

Gogo ni shina la mti lililoanguka au kukatwa. Ukilitia ki- ungetarajia lipungue, kama mtoto anavyogeuka kitoto. Kumbe kigogo wa magazetini ni mzito kuliko gogo lenyewe: ndiye mwenye amri, mwenye walinzi, asiyepanga foleni. Sarufi nayo imempa uhai, maana tunaandika "vigogo wamekamatwa", si "vimekamatwa". (Msomaji wa Dodoma atanikumbusha kwamba Kigogo ni lugha ya Wagogo, na wa Dar es Salaam kwamba ni kata. Haya, hizo tuziache kwa leo.)

Pauline Kea alilifanya neno hilo jina la tamthilia iliyotahiniwa katika sekondari za Kenya kuanzia 2018 hadi 2022. Kigogo wake ni Majoka, mtawala wa Sagamoyo aliyefunga soko wananchi wakakosa riziki. Wanafunzi walimkariri huyo. Mimi namtazama zaidi Sudi, mchonga vinyago, anayekataa kumchongea mtawala kinyago cha shujaa anayetakiwa kuenziwa, kwa sababu shujaa anayemchonga yeye ni mwanamke. Na mchongaji, jamani, kazi yake ni magogo!

Tunu, mwanamke anayeongoza upinzani huko Sagamoyo hata baada ya kuumizwa mguu, hakuna anayemwita kigogo. Neno lenyewe halibagui, kwa kuwa Kiswahili hakitenganishi jinsia kwa kiambishi. Wanaobagua ni waandishi: mwanamume akipata madaraka ni kigogo tu, lakini mwanamke huandikwa "kigogo mwanamke".