Leaf iliyotumika: Pandisha kimo kwanza, alaimenti ifuate

NISSAN Leaf inayoshushwa Mombasa au Dar es Salaam kutoka Japani ilitengenezwa kwa barabara za lami laini. Tumbo lake liko takriban sentimita 15 tu kutoka ardhini, na hapo ndipo ilipowekwa betri, ambayo ndiyo mali kubwa kuliko zote ndani ya gari. Si ajabu basi kwamba mteja anayelipeleka gari bara, kwenye matuta na mashimo, huuliza kama linaweza kupandishwa.

Linaweza, ila kazi hiyo ina gharama ya pili ambayo wauzaji wengine hawaitaji.

Kabla ya kununua spesa, pima kimo kilichopo. Simamisha gari bila mzigo kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo unaoonyeshwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne. Kushoto na kulia zikipishana kwa zaidi ya sentimita 1, shuku springi iliyochoka au gari lililogongwa. Spesa haitibu hayo.

Spesa huwekwa juu ya shokapu za mbele na kwenye springi za nyuma. Kwa maoni yangu, sentimita 2 hadi 3 zinatosha. Ukizidisha, draivu shafti hufanya kazi kwa pembe kali, mipira yake huchakaa mapema na mipira ya breki huvutwa. Jeki iwekwe kwenye alama za pembeni mwa bodi, kamwe isiwekwe chini ya betri. Fundi asiguse nyaya za rangi ya machungwa, kwani hizo zina umeme mkubwa. Bolti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa linaning'inia, bushi hujipinda na kuharibika upesi.

Sasa alaimenti. Bodi inapopanda, tairodi hubadili pembe na matairi ya mbele huacha kutazama mbele sawasawa. Hesabu yake ni rahisi. Tairi lililopinda digrii 1 huburuzwa upande kiasi cha mita 17 katika kila kilomita. Hata digrii 0.2 ni mita 3.5, yaani kilomita 35 za kuburuza katika kilomita 10,000. Hiyo ni raba inayoliwa, na ni umeme pia: gari lenye betri ya kilowati-saa 40 halina akiba ya kuchezea namna hiyo. Ndiyo sababu alaimenti hufanywa baada ya kimo kukamilika. Ikitangulia, utailipia mara mbili.

Kwenye Leaf, kinachorekebishika kiwandani ni uelekeo wa matairi ya mbele tu, kwa kuzungusha tairodi. Ekseli ya nyuma ni boriti moja isiyo na marekebisho. Fundi akikutoza kwa "kurekebisha nyuma", mwombe akuonyeshe bolti aliyoizungusha. Karatasi ya mashine ya alaimenti ina faida nyingine kwa mnunuzi: vipimo vya nyuma vikiwa nje ya kiwango, boriti huenda imepinda kwa ajali. Dai karatasi hiyo kabla ya kulipa, hasa gari likiwa linavuka Malaba au Busia, kwa sababu kulirudisha ni ghali kuliko kulikagua.

Baada ya kazi, sensa ya usukani iwekwe upya kwa kompyuta, la sivyo mfumo wa kuzuia gari kuteleza unaweza kusoma kona pasipo na kona. Taa za mbele nazo zishushwe, maana pua ya gari imeinuka na zitawapofusha madereva wanaokuja.

Kwa wenye malori ya kubeba magari: mikanda ifungwe kwenye matairi, si kwenye mikono ya chini ya gurudumu, ambayo ikivutwa njia nzima inaweza kuharibu alaimenti iliyokwisha kulipiwa. Na Leaf ikikwama isivutwe magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa sababu ndiyo yanayozungusha mota.